Kidonda kinapona, karatasi inabaki



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini tunalisema kwa sauti ya chini: mtoto, bwana, au sisi wenyewe kupigwa mikononi mwa polisi. Tunaandika kwa sababu ya mama mmoja wa kikundi chetu hapa Lubumbashi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba. Aliomba tu jina lake na la kijana wake lisitajwe. Hata kituo cha polisi hatukitaji, maana kesi haijakwisha, na si kazi ya gazeti letu kuhukumu mtu. Tunataka jambo moja tu: mama mwingine asipoteze siku ambazo sisi tulipoteza.

Usiku wa siku ya posho

Mama huyu anauza makala na mboga. Kijana wake ana miaka 19, anajifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Siku moja ya posho, kijana alitoka kazini giza likiwa limeingia. Polisi walikuwa wanafanya msako. Wakamwomba kadi ya mpiga kura, ile tunayoitumia wote kama kitambulisho. Alikuwa ameiacha nyumbani. Akapandishwa kwenye gari pamoja na vijana wengine.

Mama alipata habari saa tatu ya usiku. Alizunguka vituo viwili bila jibu. Kwenye kituo cha tatu walimwambia hayupo. Alipokuwa anaondoka, polisi mmoja mwanamke alimfuata nje, akamwambia polepole: “Mama, yuko hapa. Kesho usikuje peke yako.” Tunalisema hili makusudi. Si kila anayevaa ile nguo ni mbaya.

Asubuhi ya siku ya Mungu tulikwenda watatu. Tukaambiwa kijana anatafutwa kwa pikipiki iliyoibwa, na kwamba akitaka kutoka ni franka 150 000. Hatukuuliza ni pesa ya nini. Tulirudi, tukafungua sanduku la likelemba. Zamu ilikuwa ya mwenzetu mwingine, naye akakubali kungoja. Pesa ikatolewa, karatasi ya malipo hakuna. Jioni kijana akatoka.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba. Mgongo ulikuwa na mistari ya fimbo. Usiku alipokwenda kujisaidia, akaona damu. Walimpiga ili aseme nani aliiba pikipiki, naye hakujua pikipiki yoyote. Kabla hajatoka, mmoja wao alimwambia: “Ukiulizwa, sema ulianguka.”

Kesho yake mama akampeleka hospitali. Munganga aliuliza: “Imekuwa nini?” Mama mwenyewe akajibu: “Alianguka na pikipiki.” Munganga akaandika hivyo, akatia tarehe, akatia sahihi.

Nasi tulishukuru Mungu, tukapika bukari, tukasema yamekwisha.

Juma la tatu

Hayakuwa yamekwisha. Mistari ya mgongoni ilianza kufifia, lakini mkono haukunyanyuka tena juu ya bega. Mwenye karakana alingoja majuma mawili, halafu akachukua kijana mwingine. Kijana wetu akaanza kulala mchana na kukesha usiku. Akisikia gari linasimama nje, anaamka.

Hapo ndipo tulikwenda kwa avoka. Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaomba vitu vitatu: karatasi ya munganga, majina ya watu walioona, na tarehe na saa za kila jambo. Tulimpa karatasi ya munganga. Aliisoma, akanyamaza kidogo, akasema: “Wamama, karatasi hii inasema kijana alianguka.”

Mama alilia pale pale. Nasi tuliona haya, kwa maana siku ile hospitalini wawili wetu tulikuwa tumesimama karibu naye, tukasikia, tukanyamaza.

Avoka hakutufukuza. Alituambia turudi kwa munganga yule yule, tumwambie ukweli na sababu ya uongo wetu. Munganga hakukasirika. Alimpima kijana upya, akaandika alichokiona kwa macho yake: makovu mangapi, yako wapi, yana urefu gani, mkono unafika wapi. Hakuandika nani alipiga, maana hakuwapo. Lakini aliandika kwamba makovu kama yale yanafanana na kupigwa kwa kitu kirefu. Karatasi hiyo ya pili inasaidia. Ile ya kwanza bado ipo katika dosie, na siku ya kesi avoka wa upande mwingine ataisoma kwa sauti. Hilo ndilo deni la hofu yetu.

Ndiyo sababu tunawaambia: kidonda kinapona. Mwili wa kijana unafanya haraka kujifunga. Kila siku inayopita inafuta kitu. Karatasi iliyoandikwa siku ile ya kwanza, kwa ukweli, haifutiki.

Sheria inasema nini

Tulidhani sheria iko upande wa mwenye bunduki. Avoka alitufungulia Katiba ya nchi yetu, ile ya mwaka 2006, akatusomea mambo yaliyotushangaza.

Kifungu cha 16 kinasema mwili na uhai wa mtu ni kitu kitakatifu, na mtu yeyote asitendewe kwa ukatili au kwa njia inayomvunjia heshima. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndiyo kanuni, na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 ndicho kila mama angepaswa kukijua kwa moyo. Anayekamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, na katika lugha anayoielewa. Ana haki ya kuita jamaa yake au avoka wake mara moja. Polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba avoka anaweza kumsimamia tangu anapohojiwa na polisi. Si lazima kungoja siku ya mahakama.

Iko tena sheria ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, juu ya mateso. Mtumishi wa serikali anayemtesa mtu makusudi, ili akubali kosa, ataje wengine, aadhibiwe au aogopeshwe, anaweza kufungwa miaka 5 mpaka 10. Kama aliyeteswa amepata ugonjwa au ulemavu wa kudumu, au kama ni mama mwenye mimba, mtoto, mzee au mtu mwenye ulemavu, adhabu ni miaka 10 mpaka 20. Kama amekufa, ni kifungo cha maisha.

Tuliuliza: “Na polisi akisema alitumwa na mkubwa wake?” Avoka akarudi kwenye Katiba, kifungu cha 28: hakuna anayelazimika kutimiza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria.

Lakini angalieni muda. Mateso ni kosa kubwa, na mashitaka yake yanaweza kufunguliwa hata baada ya miaka kadhaa. Kupigwa kwa kawaida ni kosa dogo zaidi, na makosa madogo kabisa yanafutika baada ya mwaka 1. Si ninyi mtakaoamua kosa lenu ni la aina gani, ni wanasheria. Basi msikae nalo nyumbani.

Mlango gani wa kubisha

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Tunazunguka ofisi mpaka pesa ya usafiri inakwisha. Ukweli ni kwamba kuna milango mbalimbali, na kila mlango una kazi yake.

Kama mtu wako bado yuko kasho, na hasa kama saa 48 zimepita, mlango ni parke. Wanasheria wa parke wana kazi ya kuangalia kasho za polisi na kuamuru mtu aachiliwe kama anashikwa bila sababu. Nenda na jina lake, kituo, siku na saa aliyokamatwa. Kama wanasema ulipe amande, uliza kosa ni lipi, na uombe karatasi ya malipo. Pesa isiyo na karatasi si amande.

Kama unataka kumshitaki polisi aliyetesa, mlango ni mwingine. Kwa Katiba yetu, kifungu cha 156, makosa ya polisi yanahukumiwa na mahakama ya kijeshi, sawa na ya askari jeshi. Kwa hiyo mashitaka yanapelekwa kwa oditora wa kijeshi. Ukiwa na barua, unaipeleka, nawe unabaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Kama hujui kuandika, unaweza kusema kwa mdomo, wao wanaandika PV. Kabla ya kutia sahihi au kidole, omba usomewe yote kwa lugha yako. Aliyeumizwa anaweza pia kuingia katika kesi na kudai malipo ya hasara yake mbele ya mahakama hiyo hiyo, pasipo kufungua kesi nyingine.

Mlango wa tatu ni Inspection Générale ya polisi. Hao wanapokea malalamiko ya raia juu ya mwenendo wa polisi. Mlango wa nne ni CNDH, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Wanasikiliza, wanaandika, wanaweza kutembelea mahali pa kufungia watu. Milango hiyo miwili haihukumu mtu kifungo. Lakini malalamiko yako yakiwa mahali pawili au patatu, si rahisi yapotee.

Na pesa ya avoka? Swali hili ndilo linalowarudisha wamama wengi nyumbani. Kila baro ya maavoka inapaswa kuwa na Bureau ya Consultations Gratuites, yaani ofisi ya kusaidia maskini bila malipo. Nenda uulize ofisi ya baro iko wapi, mara nyingi ni karibu na nyumba ya mahakama. Wanaweza kukuomba karatasi inayoonyesha kwamba huna uwezo. Uliza kwenye komini au kwa ofisi ya Affaires Sociales. Sisi tulipata avoka kwa njia hiyo. Bado tulilipa fotokopi na usafiri, na siku nyingi za kungoja kwenye benchi. Hatutaki kuwadanganya: bila malipo haina maana ya bila jasho.

Kama aliyeumizwa ni mwanamke, au ni mtoto

Wanawake hawapaswi kufungwa chumba kimoja na wanaume. Kama mmoja wetu ametendewa jeuri ya kimwili ya aibu, na polisi au na mtu mwingine yeyote, hospitali ni kwanza, hata kabla ya ofisi yoyote. Dawa za kuzuia ukimwi zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Sheria za mwaka 2006 juu ya jeuri hiyo zinasema wazi kwamba cheo cha mtu hakimwondolei kosa. Nazo haziruhusu jambo limalizwe kwa amande. Mambo ya kupeana mbuzi na kufunga mdomo hayana nafasi hapo.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 analindwa na sheria ya mwaka 2009 juu ya watoto. Kesi yake inakwenda mahakama ya watoto, wala hafungwi na watu wazima. Chukua karatasi ya kuzaliwa au ya shule, umwonyeshe shefu wa kituo mara moja.

Bahasha

Mwezi mmoja baada ya mashitaka kupokelewa, shangazi wa polisi mmoja alikuja nyumbani kwa mama. Alikuja kwa heshima, akakaa, akakunywa maji. Halafu akatoa bahasha yenye franka 300 000, mara mbili ya ile tuliyolipa, pamoja na karatasi ya kutia sahihi.

Mama alikuwa bado na deni la likelemba. Alileta jambo hili kwenye mkutano, nasi hatukuwa na neno moja. Yaya mmoja, mkubwa kati yetu, alisema: “Chukua, ulipe deni, utibu mtoto. Hao watu wanakaa hapa hapa, nasi tunakaa hapa hapa.” Hatuwezi kusema alikosa. Naye amezika mtoto, anajua anachosema. Wengine walisema mambo haya tumwachie Mungu. Wengine wakasema hapana.

Mama alimpigia avoka. Alimwomba amsomee ile karatasi. Ilisema kwamba kijana alianguka mwenyewe, na kwamba jamaa haina neno na mtu. Avoka alieleza pia kwamba hata mwenye kulalamika akirudi nyuma, oditora anaweza kuendelea na kesi, lakini karatasi kama ile ingekuwa nguvu kwa upande mwingine.

Halafu mama akamwuliza kijana. Kijana akasema: “Mama, nikipewa hiyo pesa, mkono utanyanyuka?”

Mama alirudisha bahasha. Nasi tulikubaliana deni lake lilipwe kidogo kidogo, franka 5 000 kila juma, bila riba. Hata yule yaya alikubali. Ndiye aliyemsindikiza mama mara iliyofuata kwa oditora.

Kuhusu hofu

Tusijifanye hatuogopi. Tunaogopa. Kwa hiyo tumejipa desturi chache. Hakuna anayekwenda ofisi yoyote peke yake. Tunakwenda wawili au watatu, na wengine wanajua tumekwenda wapi na tutarudi saa ngapi. Dosie iko katika nakala tatu, kila moja nyumba tofauti. Kijana analala kwa mjomba wake kwa sasa. Picha za mgongo wake hatuzitembezi katika WhatsApp. Zinamwaibisha, na zinawapa wengine nafasi ya kusema tunafanya siasa. Kila kitisho tunakiandika: siku, saa, maneno, namba ya simu iliyopiga. Halafu tunampa avoka.

Na tunakumbuka wanawake wengine. Mwezi wa 6 mwaka 2010, Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, alikwenda kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa pamoja na mwenzake Fidèle Bazana. Kesho yake mwili wa Chebeya ulikutwa katika gari. Mwili wa Bazana jamaa yake haikuupata. Kesi ya kwanza ilihukumiwa mwaka 2011, rufaa mwaka 2015, na wengi walidhani imefika mwisho. Wajane, watoto na wenzao wakaendelea kudai. Kesi ikafunguliwa tena, na mwezi wa 5 mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikahukumu maofisa wengine wa polisi. Ni karibu miaka 12. Hatusemi hivi ili kuwavunja moyo kwa urefu wa njia. Tunasema kwa sababu dosie zao zilikuwapo, na kulikuwa na watu wa kuzishika.

Tumefika wapi

Hatujashinda. Vijana wawili waliokuwa katika kasho ile wamekubali kusema walichoona. Mmoja alikataa, nasi tunamwelewa. Oditora amewaita polisi wawili na kuwahoji. Siku ya mahakama haijatajwa. Kijana anafanya mazoezi ya mkono hospitalini mara mbili kwa juma, na amepata mahali pa kuuza vifaa vya pikipiki mpaka atakapoweza kurudi kwenye chuma. Juzi alitucheka alipoona tumeandika namba za vifungu vya Katiba nyuma ya daftari ya likelemba.

Kateni sehemu hii, muibandike ukutani:

1. Mtu akikamatwa, andika jina, mahali, siku na saa. Mwende wawili. Uliza sababu. Hesabu saa 48.

2. Kila pesa inayoombwa, omba karatasi. Wakikataa, andika kiasi, saa, na jina au sura ya aliyepokea.

3. Akitoka ameumizwa, hospitali siku ile ile. Mwambie munganga ukweli. Omba karatasi yenye tarehe, jina na sahihi yake. Piga picha za majeraha na ziweke.

4. Tafuta waliokuwa naye kasho kabla hawajatawanyika.

5. Nenda kwa ofisi ya baro ya maavoka uombe msaada. Mashitaka juu ya polisi yanakwenda kwa oditora wa kijeshi. Baki na nakala yenye mhuri.

6. Usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa yote katika lugha yako.

7. Leta jambo katika kikundi mapema, siku ya kwanza, si juma la tatu.

Mkutano ujao tutaanza na mazoezi: kila mama ataandika, au ataandikiwa, karatasi moja ya “nani, wapi, lini, saa ngapi”. Wale wasiojua kuandika wakae karibu na wanaojua. Na kila mmoja awakumbushe watoto wa nyumbani wasitoke bila kadi.

 Tuonane siku ya mkutano.